Siku tano na Bibi na Bwana: Dodoma, Arusha, Moshi, Marangu

Kazi ya likizo ndiyo iliyotutoa nyumbani. Binti yangu, wa darasa la tano, alifunga shule Juni na karatasi iliyokunjwa mara nne: "Chora Nembo ya Taifa. Taja vitu vilivyomo na eleza asili ya kila kimoja." Kuchora alichora, Bibi na Bwana wa nembo na ngao katikati yao. Kutaja alitaja. Alipofika kwenye asili akanifuata jikoni, mimi nakaanga vitunguu, akauliza mwenge ulitoka wapi. Nikamwambia Kilimanjaro.

"Nani aliupeleka huko?"

Vitunguu vikaungua.

Usiku ule nilishusha kopo la marehemu baba, lile la sarafu zilizokufa. Senti hamsini ya sungura, senti ishirini ya mbuni, samaki wa senti tano, na shilingi moja: upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Mtoto hakuwahi kuona shilingi moja maishani mwake. Akaifunga kwenye leso, na tangu hapo leso ile haikumtoka mfukoni. Mimi nilikuwa na likizo ambayo ingepotea mwaka wa fedha ukiisha. Basi tukaenda.

Haya nimeyaandika mwezi mmoja baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lake, picha za simu yangu na tiketi nilizozikuta kwenye mfuko wa koti. Bei ni nilizolipa mimi. Ukikuta zimepanda usinitafute.

Siku ya 1, Jumanne. Dodoma hadi Arusha

Basi la saa 12 asubuhi liliondoka saa 12 na dakika 50. Nauli 29,000 kila mmoja. Mtoto ukimkatia kiti analipa kama mtu mzima, na wa miaka 11 humpakati kutwa nzima. Dodoma hadi Babati nililala, kwa hiyo sina la kusimulia isipokuwa kwamba lami ni nzuri na shingo iliniuma. Babati tulipewa dakika 20 za kula. Wali kuku 6,000, na kuku mwenyewe alikuwa amekimbia sana enzi za uhai wake.

Magugu gari likaanza kufuka moshi kwa mbele. Mpira wa rejeta umepasuka. Tulikaa pale saa moja na dakika 40. Mama mmoja mwenye kibanda cha mchele alituona tumesimama juani, akatoa gunia tupu akalitandika kivulini.

"Kaa mwanangu. Fundi wa barabarani hana haraka."

Akampa binti yangu ndizi mbivu mbili. Nilipotoa hela akazikataa, akasema nikirudi nimnunulie mchele. (Niliporudi nilinunua kilo tano. Mchele wa Magugu hauhitaji nikusifie.)

Baada ya Minjingu, sehemu ya Kwakuchinja ambako wanyama huvuka kati ya Tarangire na Manyara, abiria wote wakahamia madirisha ya kulia. Twiga watatu, karibu kabisa na barabara, wanatafuna migunga kana kwamba sisi ndio tuliowekwa pale watutazame wao. Binti akafungua karatasi yake.

"Mama, twiga ni mnyama wa taifa. Mbona kwenye nembo hayumo?"

Swali zuri, na jibu lake nililikuta baadaye kwenye kumbukumbu ya shule ya zamani. Twiga alikuwa alama ya nchi kabla ya nchi kuwa yetu. Waingereza walipotawala Tanganyika waliweka kichwa cha twiga kwenye bendera yao ya hapa, pembeni mwa ile bendera ndogo ya kwao. Ilipofika 9 Desemba 1961 bendera hiyo ikashushwa. Kwenye ngao mpya twiga hakupewa nafasi, lakini hakwenda mbali: alijificha kwenye noti. Wenye umri wangu wanakumbuka, noti ya zamani ukiinua juani kichwa chake kilikuwa kinajitokeza kwenye ile sehemu nyeupe. Baba alikuwa akitupima hivyo: anayemwona twiga ndiye atakayetumwa dukani.

Arusha tuliingia saa 12 jioni, baridi imeshuka. Gesti 30,000, safi, maji ya moto kwenye ndoo ukiomba mapema. Kwa atakayekuja Juni au Julai: sweta si pambo. Mtu wa Dodoma nilidhani baridi naijua.

Siku ya 2, Jumatano. Mnara wa Mwenge

Kutoka stendi hadi Kaloleni ni mwendo wa miguu. Mnara wa Mwenge uko katikati ya mzunguko wa magari, mweupe, mwenge juu yake, na tatizo si kuupata bali ni kuufikia. Bodaboda hazikatiki. Tulisimama ukingoni dakika kumi hivi hadi chalii mmoja muuza soksi, mzigo begani, alipomshika mtoto mkono, akanyoosha mkono wa pili kama trafiki, magari yakasimama kweli. "Mnafuata twende, mama, msirudi nyuma." Alitufikisha kisha akarudi kwenye biashara yake hata jina hakuacha. Nilinunua soksi jozi mbili nilipotoka. Zilihitajika.

Jirani tu na mnara ndipo yalipo Makumbusho ya Azimio la Arusha. Malipo tuliyoambiwa ni ya simu kwa namba ya kumbukumbu, na simu yangu haikuwa na salio la kutosha. Dada mmoja mwanafunzi wa chuo, aliyekuja na wenzake, akatulipia kwa simu yake nami nikampa taslimu. Kiingilio cha raia hakifiki bei ya sahani ya wali kuku wa Babati. Weka salio kwenye simu kabla, na uliza kabla ya kupiga picha ndani.

Jengo lenyewe ni dogo, na ndilo linalolipa uzito. Lilikuwa ukumbi wa jamii wa kawaida, wa mikutano. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichodai uhuru, ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio, lile la Ujamaa na Kujitegemea, likatangazwa. Miaka kumi kamili baadaye, 5 Februari 1977, chama cha CCM kikazaliwa. Makumbusho nayo yalifunguliwa mwaka huohuo wa 1977.

Hapa ndipo karatasi ya likizo ilipopata dosari yake ya kwanza. Binti alikuwa amechora ndani ya ngao jembe na nyundo. Mhudumu wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliitazama akacheka kidogo.

"Mjukuu wangu, hiyo nyundo umeitoa wapi?"

"Kwenye bendera, babu."

"Bendera ya chama. Chama kina jembe na nyundo, mkulima na mfanyakazi. Nembo ya Taifa ina jembe na shoka. Shoka! Hii nchi ilikuwa pori, kwanza ufyeke ndipo ulime."

Sitaki kudanganya: mimi mwenyewe nilitoa elfu moja kwenye pochi kuhakikisha. Shoka ni shoka.

Mzee yule ndiye aliyetupangia vizuri jambo la mwenge, na nadhani hapo binti yangu aliacha kufanya kazi ya shule akaanza kusikiliza. Mwenge ulianza kuwa maneno kabla haujawa chuma. Mwaka 1959, miaka miwili kabla ya uhuru, Mwalimu alisimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria la mkoloni akasema watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete matumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima palipojaa dharau. Wakati anasema, hakuna mwenge wowote uliokuwapo. Ulikuwa mdomoni tu. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akafika kileleni na bendera na mwenge, akauwasha. Kilele ambacho Wajerumani walikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze kikawa Uhuru. Mbio za Mwenge zikaanza 1964 na hazijakoma. Miaka mitano tu baada ya uhuru, mwenge ukawa kwenye shilingi moja ya baba, toleo la 1966.

Binti akaifungua leso akamwonyesha. Mzee akaishika sarafu kwa vidole viwili, akaigeuza, akairudisha bila neno. Halafu akasema, "Hii ilikuwa hela."

Bendera nayo alitueleza kwa mikono. Tanganyika ilikuwa na kijani, nyeusi na mistari ya dhahabu, imelala. Zanzibar ya baada ya mapinduzi ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani, nayo imelala. Zilipoungana hakuna aliyetaka kuwa chini ya mwenzake, ndivyo alivyoweka yeye, kwa hiyo wakakata kona kwa kona: Bara wakabaki na kijani chao na dhahabu yao, Wazanzibari wakaleta bahari. Bendera hii rasmi ilianza 30 Juni 1964. Maelezo ya kukata kona ni ya mzee, tarehe ni ya kweli.

Chakula cha mchana loshoro, mahindi na maziwa mgando, 3,000. Binti alikula vijiko viwili vya kwanza akasusa, nikammalizia. Jioni tulipita nje ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kuhesabu bendera tu. Nchi ni 8 tangu Somalia iingie 2024, na Jumuiya yenyewe ina bendera na nembo yake. Hilo ni somo la likizo nyingine.

Siku ya 3, Alhamisi. Twiga mweusi

Leo ni siku ya aibu yangu.

Nilitaka zawadi ya mpingo, mti wa taifa. Pembeni ya barabara, karibu na tulipokunywa chai, muuzaji mmoja alikuwa amepanga vinyago kwenye turubai: simba, vifaru, vinyago vya ujamaa vile vya watu waliopandana. Nikachagua twiga wa kimo cha mkono, mweusi tii, anang'aa. Alianza na 60,000. Nikasema 15,000. Tukaonana kwenye 25,000, nikaondoka najiona mjanja, mnyama wa taifa na mti wa taifa kwenye mfuko mmoja.

Kosta ya Moshi 4,000 kutoka stendi ndogo. Konda alitupanga watano kwenye siti ya nyuma iliyochorwa ya wanne. "Mama sogea kidogo, mtoto amkalie chalii." Chalii hakukaliwa. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti. Kila kituo anashuka mmoja wanapanda wawili.

Njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA nilimwonyesha mtoto upande wa kusini, ndani kule, Mererani. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio, ndipo tanzanaiti ilipoanza kujulikana. Wanaotajwa ni wawili, Manuel d'Souza na Jumanne Ngoma, na mwaka 2018 serikali ilimtambua Mzee Ngoma hadharani na kumpa shilingi milioni 100; alifariki mwaka uliofuata. Jina la tanzanaiti lilitoka kwa sonara wa New York, Tiffany, mwaka 1968. Leo migodi imezungukwa na ukuta wa kilomita 24.5.

"Nayo kwenye nembo haimo," binti akasema. Alikuwa ameanza kuweka orodha ya pili nyuma ya karatasi: *Visivyomo*. Twiga, tanzanaiti.

Hii angalau ina sababu isiyo na ubishi. Ngao ilichorwa kabla jiwe halijajulikana. Kilichomo ni ile rangi ya dhahabu ya sehemu ya juu, nyuma ya mwenge, inayosimamia madini yote. Tanzanaiti ajihesabu humo.

Boma Ng'ombe mvua ya manyunyu ikaanza. Dirisha letu halikufunga. Mfuko ulikuwa mapajani kwangu, na tulipokaribia Weruweru nikaona sketi yangu ya kijivu ina doa jeusi la ukubwa wa sahani. Nikafungua mfuko. Twiga alikuwa analia machozi meusi, ananuka dawa ya viatu. Jirani yangu, mama wa Kichaga na kapu la parachichi, alitazama sketi, akatazama twiga, akanitazama mimi.

"Pole, mwanangu. Walikuambia mpingo?"

Alinipa kanga yake nijifunge hadi gesti, akaniambia kesho niipeleke kwa binti yake anayeuza vitenge sokoni. Mtu hanijui, hana namba yangu. Niliirudisha saa tatu asubuhi, imefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa.

Moshi ilikuwa imefunikwa. Mlima hatukuuona, hata kivuli.

Siku ya 4, Ijumaa. Beseni

Saa 12 na dakika 25 asubuhi nilitoka kwenda bafu la nje na taulo begani, nikauona. Wote. Kibo mweupe juu, Mawenzi amechongoka kulia, mawingu yamekaa chini yao kama mkeka. Nilikimbia kumwamsha mtoto. Kumwamsha, kumvalisha soksi za Arusha, kufungua mlango: dakika sita. Wingu limepanda. Nina picha moja, imetikisika, na mwenye gesti alinifariji kwamba ndivyo mlima ulivyo, unajionyesha alfajiri na jioni. Binti hajakubali hadi leo kwamba niliuona.

Fundi wa vinyago tuliyeelekezwa anafanyia kazi chini ya mwembe, nyuma ya maduka ya vipuri. Nilimtolea twiga bila maelezo. Akapima uzito mkononi, akakwaruza kitako kwa ncha ya patasi. Chini ya weusi, rangi ya maziwa.

"Hii ni jakaranda, mama. Imepakwa."

Kisha akafanya jambo ambalo lilistahili ile 25,000. Alileta beseni la maji. Akamdumbukiza twiga wetu: akaelea ubavu, miguu juu, weusi ukaanza kuchanua majini. Akachukua kipande cha mpingo, chakavu cha urefu wa kidole, akakiachia. Kikaenda moja kwa moja chini kama msumari. Binti akakirudia mara tano.

Kwa atakayenunua, hivi ndivyo alivyotufundisha. Mpingo ni mzito kuliko unavyotegemea kwa macho. Angalia chini ya kitako, hapo hapapakwi vizuri. Kipande halisi mara nyingi huacha ukanda wa nje wa rangi hafifu, karibu njano, kwa sababu weusi uko kwenye kiini tu. Sugua kwa kitambaa chenye maji. Muuzaji akikasirika ukisugua, ondoka.

Mti huu una safari ndefu kuliko sisi. Wamakonde wanauchonga vinyago, na huko Ulaya hutengenezewa zumari zao za gharama, klarineti na obo, kwa sababu ni mgumu na sauti yake ni safi. Lakini haukui haraka. Unaweza kuupanda leo na mjukuu ndiye akauvuna. Kwa hiyo Moshi ina sababu ya kujivunia ambayo sikuijua kabla: marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, mwaka 1996 alianzisha na Mmarekani James Harris, wa Texas, mradi wa kuhifadhi mpingo, wakapandisha miche pamoja na vikundi vya shule na vijiji. Alifariki 2014. Fundi alitutuma kwa kijana mwenye kitalu njia ya Kibosho, tukanunua mche mmoja kwa 1,000. Una miiba midogo na majani ya kitoto. Mpingo nao binti akauandika nyuma ya karatasi.

Alasiri tulikaa kunywa kahawa, mimi kikombe, yeye maziwa. Meza ya pili mzee wa makamo ya miaka themanini, kofia ya pama, alikuwa akitazama karatasi ya binti kwa jicho la pembeni. Tukamwamkia shikamoo. Marahaba ikaja na kiti: akahamia kwetu.

"Hebu. Huyu Bwana miguuni ana nini?"

"Karafuu, babu."

"Na Bibi?"

"Pamba."

"Na hapo wamesimama juu ya nini?"

"Mlima Kilimanjaro."

Mzee akaweka kikombe chini. "Wamesimama juu ya mlima wetu, na kahawa hawakuiweka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akatuhesabia: Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa 1925, na 1933 ukawa ushirika, KNCU, ambao upo mpaka leo, kahawa ndiyo iliyomsomesha yeye, wadogo zake saba na nusu ya mji huu. Karafuu anaielewa, ni Unguja na Pemba, muungano ni muungano. Pamba ni Kanda ya Ziwa, haya. "Lakini mlima ni huu! Ungekuwa umepanda pamba mlimani ungekula nini?" Akamwambia binti aandike, kwa kalamu, si penseli. Akaandika: *Kahawa.*

Ni yeye pia aliyemtaja Ngosha, nami nilikumbuka ile picha kwenye televisheni. Mwaka 2017 Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina hilo la Ngosha, alionekana Dar es Salaam, mzee, mgonjwa, hana kitu, akitajwa kuwa ndiye aliyechora nembo. Alifariki Mei mwaka huohuo. Wengine walidai mchoraji ni mtu mwingine, na ubishi haukuishia kaburini. Noti zote tulizolipia safari hii, risiti za serikali, cheti cha kuzaliwa cha huyu mtoto, vyote vina mchoro ule, na jina la mkono uliochora hatuna hakika nalo. Binti akauliza aliandike upande gani. Nikamwambia aandike katikati.

Usiku mtori, 4,000. Nililala saa mbili.

Siku ya 5, Jumamosi. Marangu

Hiace ya Marangu Mtoni 2,500, kisha bodaboda hadi lango la hifadhi 3,000 mshikaki, mtoto katikati. Barabara inapanda kwenye migomba na kahawa (mzee alikuwa na haki ya kulalamika), ubaridi unaongezeka kila kona. Getini huna haja ya kulipa kiingilio cha hifadhi kama unaishia pale nje. Uliza walinzi kwa adabu wakuonyeshe mwisho wa kusimama.

Vitabu vya shule nilivyosoma mimi vilisema Hans Meyer aligundua kilele mwaka 1889, yeye na Ludwig Purtscheller, 6 Oktoba. Pale Marangu kuna jiwe la kumbukumbu lao. Lakini kuna na kumbukumbu ya Waafrika waliokuwa nao, na jina la kwanza linalotajwa na kila mtu wa hapa ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu aliyewaongoza. Aliishi hadi 1996, mzee sana, kiasi cha watu kubishana miaka yake. Binti alinakili jina lake herufi kwa herufi, ukungu unalowesha karatasi.

Mlima? Mawingu matupu.

Wapagazi walikuwa wakipimiwa mizigo kwa ajili ya kundi la watalii. Mmoja, kijana mwembamba mwenye jaketi la saizi mbili kuzidi yake, alimwuliza mtoto anaandika nini. Akamweleza yote, kuanzia vitunguu vilivyoungua. Akamwonyesha shilingi. Kijana akaitazama, akasema, "Nipe niipeleke."

Nilikuwa tayari kukataa. Kitu cha marehemu, mtu simjui. Binti alikuwa ameshamkabidhi, na leso yake juu.

"Ila nisikudanganye, dada mdogo," akamwambia. "Sisi wa mizigo kileleni hatufiki. Tunaishia Kibo Hut, kambi ya mwisho. Kutoka pale usiku wanapanda wageni na waongozaji wao." Akachukua namba yangu, akajitwisha mfuko kichwani, akaingia msituni.

Kurudi Dodoma, Jumapili, hakuna la kusimulia zaidi ya mchele wa Magugu. Jumla ya safari nzima kwa watu wawili, malazi, nauli na chakula, ni 412,000, ukitoa twiga.

Baadaye

Siku ya saba baada ya Marangu simu ililia. Picha mbili. Ya kwanza, kiganja chenye glavu iliyotoboka, shilingi katikati, mwenge umekaa juu, na nyuma yake kilele cheupe na anga la bluu bila wingu hata moja. Ya pili ni tiketi ya mzigo wa basi. Sarafu ilifika stendi ya Dodoma ndani ya bahasha iliyofungwa selotepu kama dawa, na leso imefuliwa.

Mche wa mpingo upo kwenye ndoo ya rangi, umeongeza majani mawili.

Shule imefunguliwa, karatasi imerudi. Alama 17 kati ya 20. Mwalimu amefurahia shoka, amefurahia Nyirenda na Lauwo. Alama tatu zimekatwa nyuma, kwenye *Visivyomo*: "Haikuulizwa." Na mbele ya kahawa, kwa wino mwekundu, alama kubwa ya mkasi. Chini yake binti yangu ameandika kwa kalamu, si penseli: "Babu wa Moshi amekataa."